Theodore Roosevelt: Machakos na riwaya za historia mbadala

Theodore Roosevelt (1858–1919), rais wa 26 wa Marekani, alizaliwa New York katika ukoo wa kale wa matajiri wenye asili ya Uholanzi. Alishika urais mwaka 1901, Rais McKinley alipouawa, akaondoka Machi 1909. Wiki chache baadaye alikuwa baharini akielekea Afrika Mashariki.

Alifika Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa Taasisi ya Smithsonian. Walipanda Reli ya Uganda, wakashuka stesheni ya Kapiti, kwenye mbuga za Machakos. Mwenyeji wao alikuwa Sir Alfred Pease, baroneti aliyewahi kuwa mbunge wa York na Cleveland huko Uingereza, na sasa mwenye shamba Kitanga, karibu na vilima vya Mua. Hapo ndipo Roosevelt alipoua simba wake wa kwanza. Safari iliishia Khartoum Machi 1910. Msafara ulikusanya vielelezo vipatavyo 11,400 vya wanyama, na baba na mwana walipiga wanyama wakubwa 512. Idadi hiyo inatisha hata kwa vipimo vya wakati ule.

Kitabu chake cha safari, kilichotoka 1910, kinasifu nyanda za juu kuwa makazi yafaayo Wazungu. Kinawataja pia waliombebea bunduki, wakiwamo Muhamed na Bakari, na Juma Yohari aliyefuatana na Kermit. Wapagazi wengi waliobeba mizigo ya msafara hawatajwi kwa majina.

Waandishi wa historia mbadala wamempenda mno, kwa kuwa maisha yake yenyewe yalikaribia riwaya. Katika mfululizo wa Harry Turtledove, ambamo majimbo ya Kusini yalishinda Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Roosevelt kijana anaunda kikosi cha wapanda farasi huko Montana, kisha anakuwa rais wakati wa Vita Kuu. Mike Resnick ndiye aliyemrudisha Afrika. Hadithi yake ya mwaka 1990, iitwayo Bully!, inamchukua Roosevelt wa safari hii hii, inamkutanisha na John Boyes na wawindaji haramu wenzake wa pembe za ndovu, na kumpeleka Kongo ya Wabelgiji kujenga demokrasia ya Kimarekani. Jaribio linashindwa. Nguvu ya hadithi iko hapo: nia njema na ujasiri havitoshi kumpa mgeni haki ya kuipangia nchi ya watu utawala.

Hata hivyo, swali la Resnick ni la Mmarekani, kwani katikati yake amesimama Roosevelt. Tazama Machakos, nawe utaona swali jingine. Malisho ya Mua yalitwaliwa na kupewa walowezi, na Wakamba wakabanwa na mifugo yao katika eneo lililozidi kuwa finyu. Mwaka 1938 serikali ilipowanyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishwa kwa nguvu hadi Lamu. Ingekuwaje kama malisho yale yasingetwaliwa? Mwandishi wa Ukambani anayetaka kutunga historia mbadala na aanzie Mua, si Kongo.