Majumba ya Sinema Yanayotoweka

Mwanafunzi atokaye Kiminini kwenda Nairobi kwa mara ya kwanza husafiri kutwa nzima, na jioni hushuka katika mji asioujua. Husikia makondakta wa matatu wakiita: Odeon! Globe! Bellevue! Akiuliza Odeon ni nini, ataambiwa kuwa ni kituo cha magari. Akiuliza Globe ni nini, ataonyeshwa njia panda. Majibu hayo ni ya kweli, lakini si kamili. Odeon na Globe zilikuwa sinema. Belle Vue, katika barabara ya Mombasa, na Fox, katika barabara ya Thika, zilikuwa viwanja ambamo watu walitazama picha wakiwa wameketi ndani ya motokaa zao. Picha zimekoma, majina yamebaki. Jina lililoachwa na kitu chake ni kama kaburi lisiloandikwa: wapitao hujua kwamba pana mtu, wasijue ni nani.

Katika insha hii, ndugu msomaji, nataka kukueleza majumba ya sinema yalikuwaje, kwa nini yanatoweka, na kwa nini yafaa yapigwe picha kabla ya nyundo kuyafikia.

Kwanza tukumbuke kwamba si kila sinema ilikuwa na jumba. Vijijini picha zilikuja kwa gari. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio lililofanyiwa kazi Vugiri, katika milima ya Usambara, la kutengeneza picha za mafunzo kwa Waafrika na kuzipeleka kwa lori katika nchi za Afrika ya Mashariki. Baadaye magari ya namna hiyo yakawa jambo la kawaida. Kitambaa cheupe kilitundikwa, mashine ya umeme ikanguruma, na watu wakaketi chini kutazama. Asubuhi gari lilipoondoka, hapakubaki alama ila majani yaliyolala. Jumba la mjini lilikuwa kinyume cha hayo. Liliacha alama katika mawe, na alama hizo zaweza kusomwa.

Hebu tutazame alama moja kubwa, nayo ni upana. Picha za zamani zilikaribia umbo la mraba. Kiwambo chenye kimo cha futi 10 kilikuwa na upana wa karibu futi 14. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani wengi walinunua televisheni wakaketi nyumbani, na wenye sinema wakaona viti vyao vitupu. Wakatafuta kitu ambacho kisanduku kidogo cha sebuleni hakingeweza kukitoa. Mwaka 1952 ilionyeshwa Cinerama, iliyotumia mashine tatu kwa pamoja juu ya kiwambo kilichopinda. Mwaka uliofuata ikaja CinemaScope. Hii ilitumia lenzi iliyobuniwa na Mfaransa, Henri Chrétien, katika miaka ya 1920. Lenzi hiyo iliibana picha kwa ubavu ipate kuenea katika mkanda wa kawaida. Na wakati wa kuonyesha, lenzi nyingine iliikunjua tena. Kwa kimo kile kile cha futi 10, upana sasa ukawa futi 25 na nusu.

Fikiri jambo hilo lilivyowasumbua wenye majumba. Jumba la kale lilikuwa na nguzo mbili kando ya jukwaa, na kiwambo kipana hakikupita kati yake. Wengine walipunguza kimo cha picha. Wengine walivunja mapambo ya ukuta. Wengine walitundika kiwambo mbele ya nguzo na kuzificha. Lakini jumba lililojengwa baada ya mwaka 1953 liliweza kupimwa kwa ajili ya kiwambo kipana tangu msingi wake. Kwa hiyo mtu ajuaye kusoma kuta huweza kukisia umri wa jumba, na kama mwenyewe alikuwa na fedha au alibana matumizi, ijapokuwa karatasi zote zimepotea.

Picha ya kwanza ya CinemaScope, iliyoitwa The Robe, ilionyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Septemba 1953 katika jumba la Roxy, mjini New York. Roxy lilifunguliwa mwaka 1927, nalo lilikuwa na viti karibu 6,000. Ungedhani jumba lenye sifa hiyo lingedumu karne nyingi. La, lilibomolewa mwaka 1960, miaka saba tu baada ya usiku ule. Wakati wa kubomolewa, mpiga picha Eliot Elisofon alimpeleka pale Gloria Swanson, mwigizaji ambaye picha yake ndiyo iliyolifungua jumba hilo. Akasimama katikati ya vifusi, amevaa gauni refu, ameinua mikono yake. Picha hiyo moja hukumbukwa hata leo na watu ambao hawakuwahi kuliona Roxy.

Turudi kwetu. Mjini Unguja lilijengwa jumba la Royal mwaka 1921, kwa mchoro wa J. H. Sinclair. Liliungua mwaka 1954, na mwaka 1955 likasimama jingine mahali pake, Majestic, lililochorwa na Dayalji Pitamber Sachania. Leo Royal laweza kuonekana kwa picha tu. Moto haukungoja mtu amalize kutafuta kamera. Dar es Salaam ilipata sinema yake ya motokaa mwaka 1966, nayo ilipendwa sana. Leo mahali pale pana ubalozi wa Marekani, uliofunguliwa mwaka 2003. Hapo hutaona kiwambo wala kibanda cha tiketi, lakini wenyeji wa mji bado huyajua maneno “Drive-In”.

Huenda ukasema: hizi ni nyumba za starehe, historia ina mambo makubwa kuliko starehe. Nami nakujibu kwamba hapo ndipo penye jambo kubwa. Katika Kenya ya kikoloni, ubaguzi wa rangi uliingia hata gizani mwa sinema. Yalikuwapo majumba yasiyompokea Mwafrika, na wakaguzi wa filamu waliweza kuiruhusu picha kwa watu wa rangi nyingine na kuikataza kwa Waafrika. Palipokuwa na mlango wa mbele na mlango wa kando, roshani yenye viti vya mito na mabenchi ya mbao karibu na kiwambo, hiyo ilikuwa sheria iliyoandikwa kwa saruji na mbao. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 watu waliingia kwa mlango wautakao, mradi wana nauli ya kiti. Mzee aliyezuiwa mlangoni atakufa siku moja, na mlango wenyewe utavunjwa. Basi mjukuu wake akiambiwa kwamba mambo hayo hayakuwa, ataonyesha nini?

Majumba haya hayakuangushwa na adui mmoja. Televisheni iliingia majumbani. Katika miaka ya 1980 kanda za video zikaenea, na vibanda vya video vikafunguliwa hata katika vituo vidogo vya biashara. Mikanda ya filamu iliagizwa kwa fedha za kigeni, nazo zilikuwa haba. Zaidi ya hayo, ardhi ya katikati ya mji ilipanda bei. Jumba lenye viti mia kadhaa vitupu liliketi juu ya kiwanja kiwezacho kubeba ghorofa kumi za maduka. Mwenye jumba akapiga hesabu yake, na si haki kumlaumu kwa hesabu hiyo.

Mimi sisemi kwamba kila jumba lihifadhiwe. Mji ni mahali pa watu walio hai, nao wahitaji maduka na nyumba. Majumba mengine hupata kazi mpya: Shan, sinema ya Ngara mjini Nairobi, iligeuzwa kuwa Sarakasi Dome, mahali pa wanasarakasi na wanamuziki. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi humpa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa. Lakini majengo yatakayopata bahati hiyo ni machache. Kwa yaliyosalia, picha ndiyo haki ndogo iwezekanayo, nayo haimzuii mjenzi hata siku moja. Angola imetuonyesha njia: mwaka 2015 kilitolewa kitabu cha picha za Walter Fernandes juu ya sinema za nchi hiyo, na humo huonekana hata zile zilizochakaa.

Kama utapenda kuifanya kazi hii, ifanye kwa utaratibu. Omba ruhusa ya mwenye jumba, wala usiingie peke yako chini ya dari bovu. Anza barabarani, upige uso wa jumba pamoja na majirani wake. Kisha piga dirisha la tiketi, ukumbi, viti, roshani, na chumba cha mashine chenye vitundu vyake ukutani. Usisahau mlango wa kando na ngazi ya nyuma. Wapiga picha wengi hupenda uso mzuri, ilhali ushahidi hukaa ubavuni. Pima kwa futi upana wa kiwambo na kimo chake. Mtafute aliyekata tiketi au aliyeendesha mashine, naye akikubali, andika maneno yake. Mwisho, andika kwa kila picha siku, mwaka, mji na barabara. Picha isiyo na maandishi ni bubu. Baada ya miaka 30 hakuna atakayejua ni ukuta gani.

Wala usiziache picha hizo ndani ya simu yako tu, maana simu huibwa na huharibika. Toa nakala mbili au tatu, moja iwe maktaba ya shule. Kumbuka kwamba makumbusho ya Kitale, karibu na Kiminini, yalianza mwaka 1926 kwa vitu alivyovikusanya mtu mmoja, Hugh Stoneham, na hatimaye yakawa mali ya taifa. Vitu vingi humo vilikuwa vya kawaida siku vilipookotwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Utakapofika Nairobi na kondakta akaita Odeon, shuka, uinue macho juu ya maduka, uutazame ukuta. Kisha ukirudi nyumbani, muulize babu yako alitazama picha wapi, na aliingia kwa mlango upi.