Farasi wa Mwanzi: Historia ya Neno Moja la Mchezo wa Watoto

Watoto wa Japani wanaotembea juu ya mironjo, yaani ile miti miwili mirefu ambayo Tanzania hujulikana pia kwa jina la ngongoti, huuita mchezo huo takeuma. Neno hilo lina sehemu mbili: take, yaani mwanzi, na uma, yaani farasi. Mwanzi waonekana wazi katika chombo chenyewe. Farasi haonekani. Mtoto hakupanda mgongo wa kitu chochote, bali amesimama wima juu ya vikanyagio vilivyofungwa kwa kamba. Jina hili basi halifafanuliki kwa kukitazama chombo. Yapasa kuitazama historia.

Asili ya jina ni China. Huko farasi wa mwanzi alikuwa fimbo tu, ambayo mtoto aliipitisha katikati ya miguu na kukimbia nayo kana kwamba amepanda mnyama. Mshairi Li Bai (701–762) alimtaja farasi huyo katika shairi kuhusu mke anayekumbuka jinsi yeye na mumewe walivyocheza pamoja utotoni. Tangu hapo farasi wa mwanzi amekuwa alama ya mapenzi yaliyoanzia utotoni.

Lakini kuna kisa cha kale zaidi, nacho si cha mapenzi. Katika karne ya 4 waliishi wakuu wawili, Huan Wen na Yin Hao, waliofahamiana tangu utoto. Yin Hao aliposhindwa vitani na kuvuliwa vyeo vyake mwaka 354, Huan Wen alijigamba kwamba walipokuwa watoto yeye alikuwa akimtupa farasi wake wa mwanzi, na mwenzake akimwokota. Hivyo ilikuwa haki mwenzake awe chini yake. Kutokana na majivuno hayo Wajapani wamepata usemi chikuba no tomo, rafiki wa farasi wa mwanzi, wenye maana ya rafiki wa tangu utotoni. Wakorea nao wana usemi wa namna hiyo hiyo. Lugha ilihifadhi ule utoto wa pamoja, ikaiacha dharau.

Mironjo yenyewe ilikuwa na majina mengine. Katika dengaku, sanaa iliyofungamana na ibada za kilimo cha mpunga, wachezaji walipanda mti wenye kikanyagio, na uchezaji huo uliitwa takaashi, yaani miguu mirefu, au sagiashi, yaani miguu ya koikoi. Katika zama za Edo (1603–1868) jina takeuma lilihama kutoka kwenye fimbo ya kupanda hadi kwenye miti ya kutembelea. Mwanzi ulikuwa ule ule, na wachezaji walikuwa wale wale watoto. Kilichobadilika ni mchezo.

Jambo la kuzingatiwa na wanaisimu ni kwamba herufi za maneno haya mawili hazitofautiani. Zikisomwa kwa matamshi ya Kijapani asilia, takeuma, zataja mironjo. Zikisomwa kwa matamshi yaliyotoka China, chikuba, zataja fimbo ya zamani. Msomaji wa leo anayekutana na usemi ule aweza kudhani kwamba marafiki wale walitembea juu ya mironjo. Atakuwa amekosea, na kosa lenyewe litakuwa limetokana na maandishi sahihi.

Mchezo wenyewe haujafa. Mwongozo wa ufafanuzi wa mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2017 wautaja miongoni mwa mazoezi ya viungo. Mtoto hujifunza kuinama mbele kidogo na kuinua mkono na mguu wa upande mmoja kwa pamoja. Hugundua upesi kwamba kusimama tuli ni kugumu kuliko kutembea.

Mtunga kamusi wa Kiswahili ana la kujifunza hapa. Kalamu ya leo si tete tena, wala neno risasi halimletei kila msemaji fikira ya madini. Maana, kama mtoto juu ya mironjo, husimama kwa kuendelea kutembea. Kamusi inayoorodhesha maana ya leo peke yake humwonyesha msomaji mwanzi, ikamficha farasi.