Albamu Huru na Masikio Mawili

Mwaka 2017 zilitoka albamu mbili za Tanzania ambazo Watanzania wengi hawakuzisikia. Ya kwanza, Sounds of Sisso, ilikusanya singeli iliyorekodiwa katika studio ya Sisso huko Mburahati, Dar es Salaam, ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ya pili, White African Power, iliimbwa na watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe chini ya jina la Tanzania Albinism Collective, ikatolewa na Six Degrees Records ya Marekani. Magazeti ya Uingereza yaliziandika zote mbili. Kule Babati au Katesh, hata mpenzi wa muziki anayejitapa kuwa hapitwi na kitu angeweza kuumaliza mwaka bila kukutana nazo.

Kulalamika kwamba nabii hathaminiwi kwao ni rahisi, na wengi wamekwisha kulalamika. Hoja ya makala hii ni nyingine. Albamu huru hujinasua kutoka mlango mmoja na kuingia mwingine, na kila mlango huacha alama yake ndani ya muziki wenyewe. Mhakiki anayezipima albamu hizi kwa ujasiri wa sauti peke yake, bila kuuliza zilipangwa kwa ajili ya sikio la nani, atasifu nusu ya kazi akidhani ameisifu yote.

Singeli inalionyesha jambo hili vizuri kuliko muziki mwingine wowote. Ilizaliwa uswahilini, Tandale, Manzese na Mburahati, katika sherehe za vigodoro, ikirithi mchiriku na vipande vya taarabu vilivyokimbizwa mpaka midundo ikafika mia mbili na zaidi kwa dakika. Huko nyumbani anayetawala ni MC. Man Fongo alipotamba na Hainaga Ushemeji mwaka 2016, kilichoshika midomo ya watu kilikuwa maneno: kejeli, utani na siri za mtaa. Mashabiki wa Msaga Sumu nao wanakuja kumsikia anasema nini leo. Mdundo unawachezesha, lakini habari iko kinywani.

Sasa zifuatwe albamu zilizotoka nje. Sounds of Sisso bado ina nafasi ya kutosha kwa MC, na ndiyo maana inabaki albamu bora ya kumwingiza mgeni katika singeli: mtu anasikia vurugu nzima, pamoja na pumzi za mwimbaji anayelikimbiza pigo lisilomsubiri. Mwaka uliofuata Bamba Pana alitoa Poaa, ambayo karibu yote ni ala. DJ Travella, kwa albamu yake Mr Mixondo (2022), alisukuma kasi mbele zaidi, na Sisso na Maiko walipotoa Singeli Ya Maajabu mwaka 2024, mazungumzo yalikuwa ya kinanda na kompyuta. Kama kazi za kiufundi, hizi ni albamu nzuri. Travella hasa ana kipaji cha kuvunja wimbo pale msikilizaji anapoanza kuuzoea. Lakini mwelekeo unaonekana: kadiri singeli ilivyozidi kuvuka mipaka, ndivyo neno lilivyozidi kurudi nyuma. Kwa mchezaji wa Berlin asiyejua Kiswahili hakuna kilichopungua. Kwa msikilizaji wa Manzese, mwenye nyumba ametolewa nje na sherehe inaendelea.

Watayarishaji hawapaswi kulaumiwa kwa hilo. Wao wamepata soko na wanalihudumia, nao MC wanaendelea kutamba mitaani bila kumngoja mtu wa lebo. Kilichotokea ni kwamba muziki mmoja umegawanywa vipande viwili na masoko mawili, kisha kila soko likaita kipande chake singeli.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Jagwa Music walipotoa Bongo Hotheads mwaka 2012 kupitia Crammed Discs ya Ubelgiji, mchiriku wao ulibaki na kinanda chakavu cha Casio, ngoma na mwimbaji anayesimulia shida za mjini mpaka mwisho. Albamu hiyo haina ung'aavu wa hizi za karibuni, na sauti yake inakwaruza, ila mtu wa Dar es Salaam anajisikia ndani yake.

White African Power inaleta ugumu wa aina nyingine. Mtayarishaji wake, Ian Brennan, ndiye aliyerekodi wafungwa wa Malawi katika Zomba Prison Project, kazi iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Mtindo wake unafahamika: vifaa vichache, mahali palepale watu wanapoishi, bila kusafisha sana. Nyimbo nyingi za Ukerewe ni fupi mno, nyingine zikifanana na mtu aliyeanza kusema jambo akakatizwa. Waandishi wa nje walieleza kwa urefu mateso ya wenye ualbino, wakagusa kidogo sana nyimbo zenyewe. Huruma ilichukua nafasi ya uhakiki. Kuwaheshimu waimbaji hao kungekuwa kusema waziwazi kwamba baadhi ya vipande ni rasimu, na kwamba vingine, hasa vile ambavyo sauti moja inabaki peke yake, vina uzito usiohitaji maelezo ya daktari wala ya mwanaharakati.

Hadi hapo inaweza kudhaniwa kwamba msikilizaji wa nyumbani ndiye mwenye sikio sahihi. Maisha, albamu ya The Zawose Queens iliyotolewa na Real World Records mwaka 2024, inaivuruga dhana hiyo. Pendo Zawose ni binti wa Hukwe Zawose, gwiji wa ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003, na mwenzake Leah ni mjukuu wa Hukwe. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo huo waliitikia na kupiga ngoma nyuma ya wanaume. Hapa wamesimama mbele, na tofauti inasikika tangu mwanzo. Besi ya kompyuta iliyowekwa chini ya sauti zao mahali pengine inasaidia, mahali pengine inajaza nafasi ambayo ingefaa kuachwa wazi. Ila nyimbo nyingi ni za Kigogo. Mwiraqw wa Mbulu akiisikiliza albamu hii yuko mbali na maneno kama alivyo Mwingereza, ingawa pasipoti yake ni ileile ya Pendo. Utaifa haumpi mtu masikio.

Kaskazini kuna mfano wa zamani zaidi. X Plastaz wa Arusha walitoa Maasai Hip Hop mwaka 2004 kupitia Out Here Records ya Ujerumani, wakichanganya rap ya Kiswahili na sauti ya mwimbaji wa Kimaasai, Yamat Ole Meipuko. Nyimbo zilizokomaa ni zile ambazo Yamat na wachanaji wanajibizana. Pale anapotumiwa kama pambo la kufungulia wimbo, jina la albamu linaonekana kuahidi zaidi kuliko albamu inavyotoa. Hata hivyo kundi hilo lilikwisha kusikika redioni nchini na Kutesa kwa Zamu kabla ya Ulaya kulijua, na hilo liliwapa msimamo ambao wasanii wanaogunduliwa na lebo moja kwa moja hawana.

Njia ya tatu haipiti Ulaya wala haingojei redio. Mwaka 2011 rapa Sugu na wenzake, Vinega, walitoa mikstepu ya Anti-Virus iliyowashambulia wazi wenye nguvu katika biashara ya muziki na redio, wakati Sugu mwenyewe alikuwa tayari mbunge wa Mbeya Mjini. Nash MC, aliyetoa Mzimu wa Shaaban Robert, amejenga jina kwa kuuza kazi zake mwenyewe na kushikilia Kiswahili kisichochanganywa. Kasoro ya kambi hii ni kwamba msanii anaweza kutumia beti nyingi zaidi kuutangaza uhuru wake kuliko kuutumia. Nguvu yake ni neno, kile hasa ambacho singeli ya nje imekipoteza.

Je, haya yote ya studio na lebo yanaihusu nini kata ya vijijini kama Masieda, Mbulu? Yanaihusu sana. Nchi hii ya Wairaqw inapakana na bonde la Yaeda la Wahadzabe na Hanang ya Wadatoga, huku Wanyiramba na Wanyaturu wakiwa majirani. Lugha za Kikushi, Kiniloti na Kibantu zinakutana hapa na Kihadza, ambacho wataalamu hawajafanikiwa kukihusisha na lugha nyingine yoyote. Kwa lebo inayotafuta sauti mpya, hii ni neema iliyokaa wazi, na si ajabu siku moja mtu akafika na maikrofoni.

Akifika, jaribio litakuwa slufay, sala-ushairi ya Wairaqw ambamo mzee anatamka na mkutano unaitikia. Mwitikio ndio unaomthibitisha msemaji; ukiukata ili kupata kipande cha dakika tatu, unabaki na mzee anayejisemea. Uandishi ulikwisha kupiga hatua: William Kamera alichapisha Hadithi za Wairaqw wa Tanzania mwaka 1978, na mkusanyaji wa sauti hana sababu ya kuwa mzembe kuliko mkusanyaji wa maandishi. Albamu ya slufay ingehitaji upande mzima kwa kipande kimoja, maneno ya Kiiraqw na tafsiri ya Kiswahili ndani ya jalada, na waitikiaji wanaosikika sawasawa na msemaji.

Wakati huohuo, muziki wa vijijini unasafiri kwa njia nyingine kabisa. Kwaya na waimbaji wa lugha za nyumbani huingia YouTube, hushushwa kwenye kompyuta ya kibandani, kisha huhamishiwa kwenye memori kadi na flashi za wateja siku ya mnada. Uhuru wa aina hii hauna lebo wala meneja, na mara nyingi hauna hata jina: faili linafika kwenye simu likiwa na namba tu, au jina la aliyelipakia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, lakini mtunzi asiyetajwa atadai nini kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki? Wahakiki wa Kiswahili wakitaka kuanza kazi huku, kazi yao ya kwanza itakuwa kuuliza vibandani ni nani anayeimba.