Jina la Ugonjwa wa Kupanda na Kushuka

Mfasiri anayepewa kijitabu cha hospitali akitie katika Kiswahili hukwama mapema afikapo kwenye ugonjwa ambao madaktari wa leo huuita baipola. Mgonjwa hupita vipindi viwili vinavyopingana. Katika kimoja huchangamka kupita kiasi, husema bila kituo, hulala saa chache asichoke, hugawa mali yake na kuanza shughuli kumi kwa siku moja. Katika cha pili hulemewa na huzuni, hushindwa kuondoka kitandani, na huenda akataka kujiua. Lugha yetu ina maneno ya kila upande: wa kwanza watu huuita wazimu au kichaa, wa pili matabibu huuita sonona. Neno moja la kuvishika vyote viwili ndilo linalotafutwa, na yafaa tutazame jinsi wengine walivyolitafuta.

Wayunani wa kale walikuwa na majina mawili, mania na melankolia, nalo hili la pili maana yake ni nyongo nyeusi. Aretaeus wa Kapadokia aliziona hali zote mbili katika mtu mmoja, lakini majina yakabaki mawili kwa karne nyingi. Mwaka 1854, mjini Paris, mabingwa wawili, Jules Baillarger na Jean-Pierre Falret, walifika kwa zamu mbele ya Chuo cha Tiba, wakabishana ni nani aliyetangulia kuueleza ugonjwa huu. Baillarger aliuita wazimu wa sura mbili. Falret aliuita wazimu wa mzunguko.

Msomaji aweza kudhani huo ulikuwa ugomvi wa maneno matupu. Sisi hatudhani hivyo. Falret alihesabu sehemu ya tatu: kile kipindi cha katikati ambacho mtu hurudi katika hali yake, akafanya kazi na kucheka na jamaa zake. Kwake yeye kipindi hicho nacho kilikuwa ndani ya ugonjwa.

Baadaye Emil Kraepelin wa Ujerumani, mwaka 1899, aliunganisha mania na sonona katika jina moja refu, na Karl Leonhard, mwaka 1957, akawatenga wagonjwa wa upande mmoja na wale wa ncha mbili. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 1980 ulilikubali jina hilo la ncha mbili, nalo likaenea. Kipindi cha katikati cha Falret hakimo katika jina hilo.

Hasara yake huonekana matibabu yanapoanza. Mwaka 1949 John Cade wa Australia alitangaza kwamba chumvi ya lithiamu ilikuwa imewatuliza wagonjwa wa mania. Mgonjwa wake wa kwanza, aliyekuwa ameugua miaka mitano mfululizo, alirudi nyumbani baada ya miezi michache. Huko akajiona mzima, akaacha dawa, na ugonjwa ukamrudisha hospitali. Mwaka 1950 alikufa, safari hii kwa sumu ya dawa yenyewe, kwani wakati huo lithiamu haikuwa ikipimwa katika damu. Leo hupimwa, maana kiasi kinachotibu ki karibu mno na kiasi kinachodhuru. Figo na tezi ya koo huangaliwa pia. Daktari naye humwuliza kila ajaye na sonona kama amewahi kupanda, kwa sababu dawa za sonona zikitolewa peke yake zaweza kumrusha mgonjwa upande wa pili. Huongezwa mazungumzo na mshauri, na usingizi wa saa zilezile kila usiku.

Sasa turudi kwa mfasiri wetu. Wazimu halimfai: sikio huisikia mizimu ndani yake, na mgonjwa akisikia hivyo hukimbilia kwa mganga au hujificha, kama wanavyojificha watu wasije wakatajiwa Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu kwa dhihaka. Sonona hutaja nusu tu. Ncha mbili ni tafsiri aminifu, lakini mwanafunzi atafikiri juu ya sumaku au ramani ya dunia. Baipola halina ubaya hospitalini, ila halimwambii mgonjwa chochote. Sisi tunapendelea ugonjwa wa kupanda na kushuka, ingawa ni refu kwa fomu za ofisini, kwa kuwa apandaye na kushuka hupita katikati kila mara.

Na kwa hiyo katikati Kiswahili kina neno tayari. Husema amepona yule aliyeachana na ugonjwa, na amepata nafuu yule ambaye ugonjwa umempumzisha. Kijitabu kinachomwandikia mgonjwa huyu kwamba amepona kimemruhusu kuitupa dawa. Tunaomba vijitabu viandike nafuu, na katika mstari uo huo vitaje tarehe ya kupima damu tena.