Hesabu bila hadithi ni bubu

Mwaka 1950, kule Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye alama za kukatwa. Ni kazi ya watu walioishi karibu miaka 20 000 iliyopita. Alama zimepangwa katika safu tatu: mbili zina alama 60 kila moja, ya tatu ina 48. Mfupa huo unatunzwa Bruxelles, na wenye elimu wanabishana mpaka leo. Je, walihesabu siku za mwezi? Walihesabu wanyama? Hakuna ajuaye. Namba zimebaki, lakini hadithi yake imepotea.

Ndugu waseminari, mtoto wa kalasi ya tano yumo katika shida iyo hiyo, lakini kwa upande mwingine. Yeye amepewa hadithi na namba pamoja, katika fumbo la hesabu ambalo mashuleni linaitwa « problème ». Anajua kuongeza, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Walakini anashindwa. Sababu ni nini? Historia ya mashule yetu yaweza kutufundisha kitu.

Mapatano ya tarehe 26 Mei 1906, kati ya Kiti Kitakatifu na Dola Huru ya Kongo, yaliwapa wamisionari mashamba, nao wakapaswa kufungua mashule. Katika Kivu kazi hiyo ilifanywa hasa na Mapadri Weupe. Kwa kanuni za serikali za mwaka 1929, shule ya daraja la kwanza ilikuwa na miaka miwili, ya daraja la pili miaka mitatu. Na watoto wadogo walifundishwa kwa lugha ya wenyeji.

Basi, lugha hiyo ilikuwa na faida kubwa kwa hesabu. Watu wa pwani husema ishirini, thelathini, arobaini, maneno yaliyotoka Uarabuni. Sisi wa Kivu twasema makumi mbili, makumi tatu, makumi ine. Mtoto anayetamka « makumi munane » amekwisha kuona makumi yenyewe, nane mbele ya macho yake. Kifaransa cha Wabelgiji kilitupa « septante » na « nonante », maneno mepesi kuliko yale ya Ufaransa. Lakini kati yake likabaki « quatre-vingts », maana yake ishirini mara nne. Hapo mtoto anajifunza hesabu mpya kabla ya kufanya hesabu yake.

Kisha uhuru, mwaka 1962, programu mpya iliweka Kifaransa kuwa lugha ya mafundisho tangu kalasi ya kwanza. Tusiwalaumu ovyo waliofanya hivyo. Nchi ilikuwa kubwa, lugha nyingi, na wazazi walitaka watoto wao wafike mbali. Lakini gharama yake ililipwa na mtoto mdogo, na hasa katika mafumbo.

Tutazame mfano. « Mama ametumia franka 15 000 katika soko la Kituku, amebakiwa na franka 5 000. Alitoka nyumbani na franka ngapi? » Kwa Kifaransa mtoto anasoma « il lui reste ». Neno « reste » amelijua wapi? Katika somo la kutoa, kwa kuwa jibu la kutoa ndilo linaloitwa « reste ». Basi anatoa: 15 000 kutoa 5 000, jibu 10 000. Mwalimu anapiga msalaba mwekundu, na mtoto anaitwa mjinga. Kumbe hakukosa hesabu, amekosa hadithi. Mwulize kwa Kiswahili: « Mama mwenye franka 10 000 aweza kununua sambaza za franka 15 000? » Atacheka, na mara moja atasema 20 000. Mtoto anayeuza makala kando ya barabara ya Goma hakosei chenji.

Eklezya imejua njia hii tangu zamani. Alcuin, shemasi wa York aliyefundisha katika jumba la Charlemagne na kufa mwaka 804, anahesabiwa kuwa mtungaji wa mkusanyo wa mafumbo ya kunoa akili za vijana. Mojawapo ni la mtu anayevusha mto mbwa wa mwitu, mbuzi na kabeji, naye ana mtumbwi mdogo. Huwezi kulijibu kwa kushika neno moja. Sharti uone mto, mtumbwi, na mbuzi aliyeachwa peke yake na kabeji. Je, si vivyo hivyo vitendawili vya wazee wetu jioni karibu na moto?

Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi katika mafundisho ya shule ya msingi. Lakini sheria haiingii kalasini peke yake. Mwalimu na afanye hivi. La kwanza, mtoto asimulie fumbo kwa maneno yake, kalamu ikiwa chini. La pili, aseme kinachotafutwa. La tatu, achague njia, ahesabu. La nne, arudishe jibu ndani ya hadithi, aone kama laweza kuwa kweli. Kisha hayo yote, Kifaransa kifuate; nacho kitaingia mahali palipokwisha kutengenezwa.

Tangu mapatano ya Februari 1977 mashule mengi yamerudi mikononi mwa Eklezya. Wengi wenu mtayasimamia. Siku mtakapoletewa daftari lenye misalaba mingi myekundu, msiulize kwanza mtoto huyu ana akili ngapi. Ulizeni: nani amemsomea hadithi?