Mlimani na Mabondeni: Nani Anaichora Dar es Salaam?

Mwaka 1949 kampuni ya wahandisi ya Uingereza iliiandalia serikali ya kikoloni mpango mkuu wa Dar es Salaam. Mpango wa pili, wa 1968, na wa tatu, wa 1979, iliandaliwa na kampuni za Kanada. Yote mitatu iliachwa nyuma na jiji lenyewe. Wataalamu walipokuwa wakitenga maeneo ya viwanda na makazi, watu walikuwa wameshanunua vipande vya mashamba Manzese, Buguruni na Vingunguti, wakaandikiana mbele ya mjumbe na kuanza kujenga.

Kuchorwa na watu wa mbali hakukuwa jambo geni hapa. Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha mji huu miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Waingereza wakaendeleza mgawanyo wa kanda tatu za ujenzi, na kila mtu alijua ipi ya Wazungu, ipi ya Wahindi na ipi ya Waafrika. Mkazi wa Kariakoo au Ilala hakuulizwa mtaro upite wapi. Mara nyingi mtaro wenyewe haukuwepo.

Elimu ya juu ilipofika, ilipanda mlimani. Shule ya wapimaji ardhi iliyoanza Mgulani mwaka 1956 ilihamia huko baada ya muda mfupi, na ndiyo iliyokua hadi kuwa Chuo cha Ardhi, kisha mwaka 2007 Chuo Kikuu Ardhi. Jirani yake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la chama cha TANU, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kwa miaka mingi Mlimani palisifika kwa mijadala ya ukombozi wa Afrika. Walter Rodney alikuwa akifundisha hapo kitabu chake kuhusu Ulaya na umaskini wa Afrika kilipotoka mwaka 1972. Miaka hiyohiyo, chini ya kilima, serikali ilikuwa ikiachana na sera ya kubomoa makazi yasiyopimwa na kuanza kuyaboresha. Manzese ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kufikiwa na barabara na maji ya uboreshaji huo.

Hata hivyo, mkazi alibaki kuwa mtu wa kuletewa. Hilo lilianza kubadilika Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990. Mtaa huo uko ukingoni mwa bonde la Msimbazi, na kila masika maji yaliingia ndani ya nyumba. Wakazi waliunda chama chao na kuchangia fedha, kisha wao wenyewe wakafanya kazi za ujira za kuchimba mitaro na kutengeneza barabara kwa msaada wa mashirika ya kimataifa. Wataalamu wa Ardhi waliutolea mradi ushauri, na baadaye wakaufanyia utafiti na kuufundisha darasani. Funzo kubwa lilikuwa kwamba aliyechimba mtaro anajua unapoziba na ana uchungu nao. La pili halikufurahisha: mtaa ukipata barabara, kodi ya chumba hupanda, na mpangaji aliyevumilia mafuriko huweza kuhama kabla hajafaidi ukavu.

Mwaka 2011 vijana wa Tandale na wanafunzi wa Ardhi walizunguka mitaa pamoja na vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakachora kata ambayo kwenye ramani nyingi ilikuwa nafasi tupu. Desemba ya mwaka huohuo mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowatawanya wanafunzi wa vyuo vyote viwili katika kata zinazofurika. Walipima upana na kina cha mitaro, wakaandika ipi imejengwa kwa zege na ipi imejaa taka. Wenyeji waliwaonyesha maji yalipofika mwaka gani na yalipandia ukuta wa nani.

Baadaye kazi iligusa mipaka ya mashina. Shina ni nyumba chache chini ya mjumbe mmoja, na kwa miongo mingi mipaka yake iliishi vichwani mwa wajumbe tu. Mwanafunzi alijua kutumia programu ya ramani. Mjumbe alijua nyumba ya mama fulani ndiyo ya mwisho kwake na uchochoro unaofuata ni wa mwenzake. Bila mmoja wao, ramani ile isingechorwa.

Lakini kuchorwa si kusikilizwa. Desemba 2015, miezi michache baada ya Ramani Huria kuanza, alama nyekundu za X zilijaa kwenye kuta za bonde la Msimbazi na bomoabomoa ikafuata. Mwaka 2018 wataalamu, maofisa na wawakilishi wa wakazi walikaa pamoja katika vikao vya kulipangia upya bonde hilo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo. Walipoanza kuhesabiwa wa kuhama, mjadala haukuwa tena wa kina cha maji bali wa fidia. Hapo mkazi alihitaji msomi wa kumsaidia kusoma fomu ya tathmini na kuhoji bei kuliko alivyohitaji mpimaji.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 jijini, milioni moja zaidi ya 2012. Kwa ongezeko hilo ramani ya mtaa huchakaa haraka, na mradi wa wafadhili una tarehe ya kufungwa. Vyuo, kinyume chake, hupeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Wakipangiwa mitaa ileile mwaka hadi mwaka, chini ya mwenyekiti na wajumbe walewale, jiji litakuwa na kumbukumbu isiyotegemea mkopo. Upande wa manispaa nao uwe na wajibu ulioandikwa: bajeti ya mitaro isipitishwe kabla ramani hizo hazijawekwa mezani, na wenyeji waliozichora wakiwa na viti kwenye kikao hicho. Bila sharti hilo, mkazi ataendelea kutoa taarifa bure na mwanafunzi atapata alama zake, huku uamuzi ukifanyika mahali ambapo wote wawili hawapo, kama ilivyokuwa mwaka 1949.