Bendi za kopi: Orquesta de la Luz na bendi za Tanga

Bendi ya kopi ni kundi linalojenga jina kwa kupiga muziki wa watu wengine, ziwe nyimbo za msanii mmoja au mtindo mzima wa nchi ya mbali. Wengi huidharau kazi hiyo. Hata hivyo, safari ya bendi moja ya Japani na ile ya wanamuziki wa Tanga zinathibitisha kwamba kuiga ni shule, na bendi inastahili kupimwa kwa kile inachokifanya baada ya kuhitimu.

Orquesta de la Luz iliundwa Tokyo mwaka 1984 na Wajapani walioipenda salsa, muziki uliokomaa New York mikononi mwa watu wenye asili ya Puerto Rico na Cuba. Mwimbaji wao, Nora, aliimba kwa Kihispania. Albamu yao ya mwaka 1990, Salsa Caliente del Japón, ilishika namba moja Marekani katika chati ya Billboard ya muziki wa tropiki, yaani mbele ya wasikilizaji waliokulia ndani ya salsa. Bendi ilivunjika mwaka 1997, ikarudi jukwaani mwaka 2002.

Tanga ilipita njia hiyohiyo mapema zaidi. Santuri za mfululizo ulioitwa GV, zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930, zilileta nyimbo za Cuba. Baadaye ikaja rumba ya Kongo. Katika mkoa ambao mashamba yake ya mkonge yalivuta vibarua kutoka bara, iliundwa bendi ya Young Nyamwezi, ambayo baadaye ilijulikana kama Jamhuri Jazz. Katika muziki wa son wa Cuba, gitaa dogo liitwalo tres hurudiarudia kipande kifupi cha sauti. Wapigaji wa huku kazi hiyo waliigawa: gitaa la ridhimu likishikilia mzunguko, la solo likimjibu mwimbaji, na maneno yakawa ya Kiswahili. Wanamuziki Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, kisha mwaka 1971 wakaingia Kenya, ambako bendi yao ilikuja kuitwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake walijitenga wakaunda Les Wanyika, bendi ya wimbo "Sina Makosa". Kwa msikilizaji wa Maramba, wilayani Mkinga, mkoani Tanga, rumba ya Nairobi si mali ya ng'ambo ya mpaka tu. Sehemu ya mizizi yake imo mkoani kwake.

Wapo watakaosema mwiga tembo hupasuka msamba. Methali hiyo humwonya anayeiga bila kupima uwezo wake, na wanamuziki hawa walijipima kwa mazoezi ya miaka. Wengine watadai kuwa Wajapani, kwa kuwa hawakubadili lugha, walibaki kopi tupu. Lakini walitunga nyimbo zao wenyewe ndani ya salsa, na huko ndiko kuhitimu. Hoja nzito zaidi ni ya haki ya mtunzi. Mtindo hauna mwenyewe, ila wimbo unaye, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda. Kwa hiyo bendi changa inayopiga zilipendwa isibezwe kwa sababu ya kuiga. Idaiwe mambo mawili: imtaje na kumlipa mtunzi, kisha itoe wimbo wake.